Nyumba Kando ya Barabara Kuu: Pima Kwanza, Kisha Lala Hapo

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi na mume wangu ni watumishi wa umma. Tumepanga Sakina kwa miaka tisa sasa na tuna watoto watatu, wa mwisho akiwa na pumu. Tumeonyeshwa nyumba ya vyumba vitatu Usa River, kando kabisa ya barabara kuu ya Arusha kwenda Moshi, upande ulio chini kidogo ya lami, hatua chache kutoka kwenye matuta. Mwenye nyumba anataka shilingi milioni 95. Nyumba inayofanana nayo, iliyo ndani zaidi, kama mita 300 kutoka lami, inauzwa milioni 120. Mume wangu anataka tuchukue ya barabarani, tubomoe ukuta wa mbele na kujenga fremu nne za maduka ambazo kodi yake italipa karo za watoto. Mimi naogopa kelele, ila dalali ananiambia kwamba baada ya wiki mbili nitakuwa nimeshazoea, na kwamba kuna mteja mwingine anayekuja kesho na fedha taslimu. Nimehesabu hatua 24 kutoka ukingo wa lami hadi ukuta wa nyumba, na hatua 8 kutoka ukuta hadi barazani. Hati ipo na nimeiona kwa macho yangu. Tununue au tuache? — Mama wa watatu, Sakina

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nakushukuru kwa kuhesabu hatua, kwa sababu wengi wanaoniandikia juu ya nyumba za barabarani hunieleza rangi ya vigae na idadi ya vyoo, lakini umbali kutoka kwenye lami hawautaji kabisa, nao ndio unaoamua karibu kila kitu kilichobaki. Kwa hiyo tuanze na hatua zako kabla ya kuja kwenye kelele.

Hatua ya mtu mzima anayetembea kawaida ni kama robo tatu ya mita. Hatua zako 24 ni takriban mita 18. Ukiongeza nusu ya upana wa barabara pamoja na bega lake, ambayo kwa barabara ya njia mbili ni kama mita 5, ukuta wa nyumba hiyo uko karibu mita 23 kutoka katikati ya barabara, na baraza liko karibu mita 29. Sasa shika namba hizo mbili. Kwa mujibu wa Sheria ya Barabara Namba 13 ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mikoa, yaani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara yenyewe, ni mita 30 kila upande, zikipimwa kutoka katikati ya barabara. Kabla ya sheria hiyo hifadhi ilikuwa mita 22.5 kila upande. Kwa maneno mengine, ukuta wa mwenye nyumba unaonekana kujengwa na mtu aliyeijua sheria ya zamani na akaiheshimu kwa kama nusu mita tu, ila sheria mpya imeupita ukuta, ikavuka ua wote na kufika mlangoni pake.

Hapo ndipo ndoto ya fremu nne inapokutana na futi kamba. Fremu hizo mume wako anataka kuzijenga mahali palepale ulipo ukuta, yaani kati ya mita 23 na mita 29, na eneo hilo lote limo ndani ya hifadhi. Haijengwi fremu hapo kwa kibali cha halali. Ikijengwa bila kibali, siku ya kubomolewa hakuna atakayelipwa. Ninajua kwamba atakuonyesha fremu nyingi zilizojengwa hivyo kuanzia Tengeru hadi Boma Ng'ombe, na wenye nazo wanakusanya kodi kila mwezi bila wasiwasi. Ni kweli zipo. Hata pale Sakina mnapoishi zilikuwepo, na ninyi mmekaa huko muda wa kutosha kukumbuka ilivyokuwa wakati barabara ya Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, ilipopanuliwa kuwa ya njia nne, na kuta ngapi ziliandikwa X, alama ya kubomolewa, kabla ya greda kufika. Upanuzi ule uliishia Tengeru. Usa River ndiyo mji unaofuata kwenye barabara hiyohiyo, na mazungumzo ya kuipanua kuelekea Moshi na Holili ni ya siku nyingi. Mimi sinunui nyumba nikitegemea kwamba serikali itachelewa.

Utaniuliza: mbona hati ipo? Hati inaweza kuwa halali kabisa, hasa kama kiwanja kilipimwa kabla ya mwaka 2007 kwa kufuata mita 22.5. Sheria ilipoongeza hifadhi haikuzifuta hati za watu. Ilichofanya ni kuwaweka wenye hati hizo katika kundi la watakaostahili fidia ardhi yao itakapotwaliwa. Ndiyo maana kuna X ya rangi nyekundu kwa aliyeingia ndani ya hifadhi ya zamani, ambaye anatakiwa kubomoa bila malipo, na X ya kijani kwa aliyekutwa na nyongeza ya mita 7.5, ambaye anastahili kulipwa. Wa kijani kwa kawaida huambiwa asiendeleze chochote kipya wakati anasubiri, na kusubiri huko kumewachukua wengine miaka mingi. Nyumba yako, kwa hesabu za miguu yako, ni ya kijani. Lakini hatua za miguu hazikubaliki mbele ya ofisi yoyote, na kosa la mita moja linaweza kuibadilisha rangi. Chukua nakala ya hati na ramani ya upimaji, nenda kwa msajili wa hati ukafanye upekuzi rasmi, kisha peleka nakala hizo kwa meneja wa mkoa wa TANROADS, wakala wa serikali wa barabara kuu, na uombe kwa maandishi mpaka wa hifadhi uonyeshwe uwanjani, mkiwa na mpimaji anayezitafuta bikoni, yaani alama za mpaka wa kiwanja, na kuzifukua mbele ya macho yenu. Gharama ya mpimaji itakuuma, lakini hailingani na milioni 95.

Jambo la ndoa nilipite haraka: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamlinda mwenzi katika nyumba ya familia, kwa hiyo kama muuzaji ana mke, ridhaa ya mke huyo iwe kwenye mkataba, na asiwe mtu aliyesimuliwa tu kwamba yuko safarini Singida.

Sasa kelele. Dalali anasema utazoea, na kwa sehemu anasema kweli, kwa maana kwamba masikio huacha kukuamsha kila lori linapopita. Mimi mwenyewe niliwahi kupanga miaka minne katika nyumba iliyoitazama barabara kuu pale Majengo, Moshi, na ninaweza kuwaeleza vizuri lori la usiku kuliko ndoto zangu za miaka hiyo. Lori lililojaa lilikuwa afadhali. Baya ni lile tupu. Linafika kwenye tuta likiwa limekawia kufunga breki, linapiga pumzi ya hewa, tela linaruka na kushuka, minyororo na milango ya nyuma inagonga kwa pamoja, kisha dereva anarudisha gia na kupandisha mwendo huku glasi za chai kabatini zikigongana taratibu kama watu wanaonong'ona. Baada ya mwaka wa kwanza sikuamka tena. Hata hivyo niliamka asubuhi nikiwa nimechoka, na nilipohamia mtaa wa ndani ndipo nilipogundua kwamba uchovu ule haukuwa wa umri. Watafiti wa usingizi wamelieleza jambo hili: akili huzoea, lakini moyo huendelea kushtuka na mapigo kupanda kila kelele inapopita, hata kama aliyelala hafumbui jicho.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 ulioandaliwa kwa ajili ya nchi za Ulaya, lilishauri kwamba kelele za barabarani kwa wastani wa siku nzima zisizidi desibeli 53, na za usiku zisizidi 45. Miili yetu si tofauti na ya Wazungu katika hili, kwa hiyo tuzitumie namba hizo. Unaweza kupakua programu ya kupima sauti kwenye simu. Haitakuwa sahihi kama chombo cha kitaalamu, lakini itakuonyesha tofauti kati ya chumba cha mbele na cha nyuma, na kati ya saa nane mchana na saa kumi usiku. Usiende kuitazama nyumba hiyo mchana tu. Nenda siku ya soko la Tengeru, Jumatano au Jumamosi, uone foleni ya haisi, pikipiki na magari ya ndizi. Kisha nenda usiku. Zamani ningekuambia kwamba usiku wa barabara hii ni wa malori peke yake, lakini tangu mwaka 2023 mabasi ya abiria yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, hesabu imebadilika, na aliyenunua nyumba ya barabarani miaka kumi iliyopita kwa kusikiliza usiku wa wakati ule anaishi leo katika nyumba nyingine bila kuhama. Kama muuzaji ni mtu mwema, mwombe mlale hapo usiku mmoja, wewe na mume wako, katika chumba ambacho mtakitumia. Akikataa, kaeni ndani ya gari mbele ya geti kuanzia saa tisa usiku hadi alfajiri, na mzime redio.

Watu wengi hudhani kwamba kurudi nyuma mita chache kunasaidia sana. Sauti ya barabara yenye magari mfululizo hushuka desibeli 3 tu kila umbali unapoongezeka mara mbili, na desibeli 3 ni tofauti ambayo sikio linaitambua kwa shida. Nyumba iliyo mita 60 kutoka lami uwanja ukiwa wazi haina utulivu wa maana kuliko iliyo mita 30. Kinachotuliza ni kitu kigumu kinachosimama kati ya lami na sikio, na kitu bora kabisa ni safu ya nyumba za watu wengine. Ndiyo sababu mtu anayeishi safu ya pili au ya tatu anaweza kusikia jogoo, na mwenzake wa safu ya kwanza, ambaye geti lake liko hatua hamsini tu mbele yake, anapaza sauti ili asikike mezani. Nyumba yako ya milioni 120, iliyo mita 300 ndani, ina safu kadhaa za wengine mbele yake. Milioni 25 zinazotofautisha bei hizo mbili, kwa kiasi kikubwa, ni bei ya ukuta huo ambao hukuujenga wewe.

Nimeacha la pumu mwisho, na ndilo ambalo lingeniamulia. Mwaka 2010 taasisi ya Marekani ya Health Effects Institute ilizipitia tafiti nyingi za moshi wa magari na ikahitimisha kwamba ushahidi unatosha kusema kuwa moshi huo huzidisha pumu kwa watoto, na kwamba wanaoguswa zaidi ni wale wanaoishi ndani ya mita 300 hadi 500 kutoka barabara kubwa. Chembe ndogo zaidi za moshi wa dizeli huwa nyingi mno ukingoni mwa lami na hupungua kwa kasi katika mita 150 za kwanza. Nyumba iliyo kwenye matuta ina hali mbaya kuliko iliyo mahali magari yanapoteleza tu, kwa sababu pale ndipo injini inapokamuliwa kuanza mwendo upya, na moshi mweusi hutoka wakati huo. Fanya jaribio dogo: chukua kitambaa cheupe kilicholowa, pangusa nondo za dirisha la mbele la nyumba hiyo, kisha pangusa nondo za nyumba ya ndani. Vumbi la kiangazi la Arusha ni la rangi ya udongo na huoshwa kwa maji. Lile la barabarani, lenye masizi na unga wa matairi, ni jeusi na lina mafuta, huganda kidoleni. Hicho ndicho mwanao angevuta kila usiku. Daktari anayemtibu ana haki ya kuulizwa kabla ya dalali.

Kuna na la maji. Umesema nyumba iko upande wa chini wa lami. Tafuta kalavati lililo karibu na uone mdomo wake unatazama wapi. Kama unatazama ua wa nyumba hiyo, masika ya mwezi wa nne yatakuja na maji ya barabara nzima, na barabara ikipanuliwa na kuinuliwa, maji yataongezeka.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba muiache. Sichukii barabara, na kama msingelikuwa na mtoto mwenye pumu, na kama baraza lingekuwa mita 45 kutoka katikati ya lami na vyumba vya kulala vikitazama nyuma, ningewaambia mpunguziwe bei mchukue. Mkiwa mmekwama kwenye fedha, nendeni kwa mwenye nyumba ya ndani mkiwa na milioni 105 na subira. Akikataa, tafuteni nyumba ya vyumba viwili safu ya nne, mwongeze cha tatu baadaye. Na kuhusu yule mteja mwingine anayekuja kesho na fedha taslimu: madalali wote ninaowafahamu wanaye, na sijawahi kumwona.

SWALI: Mimi nyumba ninayo tayari, karibu na barabara ya kwenda KCMC, Moshi, na sina uwezo wa kuhama. Nimeshauriwa kupanda michongoma minene mbele ili kuzuia kelele. Je, itasaidia? — Mstaafu, Moshi

JIBU: Panda kwa ajili ya macho na kwa ajili ya vumbi kidogo, lakini usitegemee michongoma kwa kelele. Majani hayazuii sauti. Inahitajika miti minene yenye upana wa makumi ya mita ndipo sikio lipate nafuu ya maana, na wewe una nafasi ya mstari mmoja. Kinachokusaidia kisaikolojia ni kwamba huyaoni magari, na hilo nalo si la kudharau kwa mzee anayekunywa chai barazani.

Fedha hiyo iweke kwenye ukuta na madirisha. Ukuta wa tofali usio na tundu, uliojengwa ndani ya mpaka wako, mrefu wa kutosha kukuzuia usiyaone magari ukiwa umekaa, hushusha kelele kwa desibeli 5 au zaidi, lakini uwe mzima. Nimeona watu wakijenga ukuta mzuri wa mita mbili na nusu, kisha wakaweka matofali ya maua yenye matundu juu na geti la nondo zilizo wazi katikati. Sauti ni kama maji, inapita palipo na upenyo. Kwa hiyo geti livalishwe bati zito kutoka juu hadi chini.

Ndani, hamishia kitanda chumba cha nyuma, na sebule iwe mbele. Hilo halina gharama na faida yake inaizidi ya ukuta. Kama bado una madirisha ya luva, hayo ndiyo adui wako wa kwanza, kwa kuwa vipande vile vya kioo havibanani hata vikifungwa. Chumba unacholala kiwekee dirisha moja linalofunga kwa kubana, lenye mpira pembeni, na ambalo kioo chake ni kinene. Dirisha la kuteleza la aluminiamu ni afadhali kuliko luva, ila halibani kama lile la kufunguka kwa bawaba. Kisha tazama juu ya dirisha: yale matundu ya hewa yaliyozoeleka katika nyumba zetu huingiza kelele yote uliyoizuia chini. Usiyazibe kabisa, hasa kama mnapikia mkaa ndani. Yahamishie upande wa nyuma wa chumba. Na kama nyumba ina bati bila dari, anza na dari kabla ya yote.

SWALI: Ninanunua nyumba yenye duka Himo. Imepakwa rangi upya ukuta mmoja tu, ule unaoelekea barabarani. Jirani ameninong'oneza kwamba palikuwa na X. Muuzaji anasema ni ya uchaguzi. — Mfanyabiashara, Himo

JIBU: Mwulize jirani jambo moja tu: ilikuwa nyekundu au ya kijani? Akisema nyekundu, acha. Akisema kijani, nenda ofisi ya TANROADS ya mkoa wa Kilimanjaro ukiwa na nakala ya hati, uulize kama nyumba hiyo imo katika orodha ya watakaofidiwa, na jina lililoandikwa ni la nani. Kama imo, mkataba wako uandikwe na wakili na utamke wazi kwamba fidia ikija ni ya mnunuzi, na muuzaji na mke wake wasaini kifungu hicho mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Akianza kusitasita hapo, utakuwa umejua bei halisi ya rangi ile mpya.